Kipa wa pili aambiwe mapema

Swali lenu la wiki hii limetaka kujua kama kocha mwenye makipa wawili wa kiwango cha juu awapishanishe langoni, au amchague mmoja na kumwacha mwingine benchi. Naona wanaweza kupishana, mradi kila mmoja apewe mashindano yake, mgawanyo huo ujulikane mapema, na usitenguliwe kwa sababu ya bao moja la kizembe.

Mshambuliaji wa akiba huingia dakika ya 60 na kupata nusu saa ya kumwonyesha kocha kwamba alikosea. Kipa wa akiba hana nusu saa hiyo. Asipoanza, kwa kawaida hachezi kabisa, na akipangwa baada ya miezi miwili ya kukaa, hugundua kwamba mazoezi hayakumtunzia ule wepesi wa kupima krosi inayoshuka katikati ya watu wanaosukumana. Mabeki nao wana hesabu zao. Beki wa kati aliyemzoea kipa anayetoka mapema huuacha mpira upite. Akipangiwa ghafla kipa anayependa kubaki kwenye mstari wake, husita, na kusita huko kunamtosha mshambuliaji. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka zamu ya wiki kwa wiki, eti kila mmoja apate haki yake.

Mgawanyo wa mashindano hupunguza madhara hayo. Carlo Ancelotti aliutumia Real Madrid msimu wa 2013/14: Diego López alidaka kwenye ligi, Iker Casillas akapewa Ligi ya Mabingwa na Kombe la Mfalme. Timu ilimaliza ya tatu kwenye ligi lakini ikabeba makombe yote mawili. Hata hivyo, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Lisbon Casillas alitoka golini akaukosa mpira, Diego Godín wa Atlético Madrid akafunga kwa kichwa, na kama Sergio Ramos wa Real asingesawazisha katika dakika za majeruhi, nadhani mpango huu tunaousifu leo ungeitwa kamari. Msimu uliofuata Luis Enrique alifuata njia hiyo hiyo Barcelona, Claudio Bravo akiwa wa ligi na Marc-André ter Stegen wa mashindano mengine mawili, nao wakatwaa yote matatu. Hata utamu huo haukuwaweka pamoja zaidi ya misimu miwili. Mwaka 2016 Bravo alihamia Manchester City. Kocha anayechagua njia hii ajue kwamba ina ukomo, kwa kuwa kipa anayestahili kuwa namba moja haridhiki daima na nusu ya msimu.

Kwenye timu ya taifa hakuna mashindano ya kugawana, hivyo kocha hana budi kuchagua. Jürgen Klinsmann, kocha wa Ujerumani, aliwapishanisha Oliver Kahn na Jens Lehmann kwa muda mrefu, kisha Aprili 2006, miezi miwili kabla ya Kombe la Dunia, akamtangaza Lehmann. Kahn aliumia moyoni, lakini alipata muda wa kuumeza uchungu wake, na katika robo fainali dhidi ya Argentina alimfuata Lehmann kabla ya mikwaju ya penalti akampa mkono.

Louis van Gaal, kocha wa Uholanzi, alifanya kinyume chake kwenye Kombe la Dunia la 2014. Katika robo fainali dhidi ya Kosta Rika, dakika ya 120, alimtoa Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul alijua mpango huo. Cillessen hakuambiwa, akatoka uwanjani akiipiga teke chupa ya maji. Krul alipangua penalti mbili, Uholanzi ikasonga mbele, na kocha akaitwa mwerevu. Siku nne baadaye nusu fainali dhidi ya Argentina nayo ilifika kwenye penalti, na safari hii nafasi zote tatu za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimekwisha. Aliyebaki langoni ni Cillessen, ambaye dunia nzima ilikuwa imeshaonyeshwa kwamba kocha wake hamwamini katika penalti. Argentina ilipiga nne na kufunga zote nne.