"The team are" si kosa, ila kwenye ripoti mimi naandika "is"

Mkuu, umeuliza kama mwalimu alikuwa sahihi kumkata kijana wako alama kwa kuandika "The team are training hard". Kwa Kiingereza cha Uingereza, sentensi hiyo haina kosa lolote. Mimi nahariri ripoti za Kiingereza hapa Dar, mabosi wangu wengine Waingereza, wengine Wamarekani, na ubishi huu hauishi mezani kwetu.

Muingereza anafuata anachokiwaza. Akiwaza wachezaji, "the team are". Akiiwaza timu kama kitu kimoja, "the team is". Ndiyo maana mtangazaji wa mpira anasema "England are winning", lakini nchi yenyewe ni "England is". Na sisi tunafanya hivyo hivyo bila kufundishwa: "Yanga imesajili", "Yanga wamesajili", zote zinapita (ugomvi wa Yanga uko kwingine). Mmarekani hana hayo mambo mengi: team, family, committee, government, zote kwa kawaida anazipa "is". Ila jina la timu likiwa na umbo la wingi, mfano Lakers, naye anasema "are". Cha kuchekesha, nchi yake mwenyewe ilianza na wingi: Katiba ya 1787, kwenye kifungu cha uhaini, inaiita United States "them". Leo ni "is" tu.

Wingi wa Muingereza nao una mipaka. Unagusa kitenzi na viwakilishi, basi. "This team are" kwake inakubalika, "these team" haikubaliki popote. Na ukitaja ukubwa wa kundi anarudi kwenye umoja: "The committee is small". Kidogo hapo ni kamati, si wajumbe.

Sasa kwa nini nang'ang'ania "is" kazini? Niliwahi kuletewa muhtasari wa kikao wenye sentensi hii: "The board have met the workers and approved their allowances." Posho za nani? Za wafanyakazi, au wajumbe wamejipitishia zao? Ukishaandika "have", bodi inakuwa "they", kwa hiyo "their" inaweza kumwangukia yeyote. Ukiandika "has", bodi ni "it", na posho zake zingeandikwa "its allowances". "Their" inabaki ya wafanyakazi peke yao. Umebadilisha neno moja tu, na mkaguzi hana swali.

Lakini kinga hiyo inafanya kazi ukishika umoja mwanzo hadi mwisho. "The committee has submitted their report" wenyewe wanaongea hivyo kila siku, ila kwenye karatasi rasmi naikata, maana umeanza na mmoja ukamalizia na wengi. Wingi nauachia pale ambapo watu wa kundi wametofautiana wao kwa wao, mfano "The jury are divided among themselves". Mmarekani hapo huwa anaongeza neno: "The members of the jury are". Njia hiyo ni salama pande zote mbili, nami naitumia sana.

Kuna zisizo na hiari. "Police" ni "are", London na New York vilevile. "The police is investigating" naikuta sana kwenye maandishi ya kwetu, nadhani kwa sababu kichwani tuna "Jeshi la Polisi limesema". Halafu lile tangazo la ubao wa ofisi, "All staffs are required to...". Jamani, wafanyakazi wa ofisi moja ni "staff", bila s. Ukimtaka mmoja ni "a member of staff". Na msichanganye "a number of students have" na "the number of students has": ya kwanza ni wanafunzi kadhaa, ya pili ni idadi yenyewe.

Kuhusu kijana, kama mwalimu anataka umoja, aandike umoja mpaka amalize mitihani, alama ni zake. Wewe mfuate mwalimu kwa adabu, mwoneshe gazeti lolote la michezo la Uingereza, muulize "Arsenal have" yeye angeisahihishaje.