Achari ninayo, wateja niwapateje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Natengeneza achari ya embe na ndimu hapa Ngamiani, Tanga. Nina laki mbili, nataka nitangaze redioni. Nianzeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo laki mbili usiiguse kwanza. Chukua daftari, andika ni nani hasa anayekula achari yako. Mama anayetaka kopo moja la pilau ya Ijumaa si sawa na mwenye mgahawa anayetaka ndoo nzima, tena kwa mkopo. Bei, chombo, hata namna ya kuwafikia ni tofauti.

Mmarekani Jerome McCarthy, mwalimu wa masoko, mwaka 1960 aliyapanga mambo ya kutafuta soko katika mafungu manne: bidhaa, bei, mahali, utangazaji. Utangazaji ni fungu moja tu kati ya hayo manne, nami naona mahali pake ni mwisho. Bei yako ipigie hesabu ya wakati embe zimeadimika, na jasho lako ulihesabu pia, maana kina mama wengi hulisahau.

Kisha weka lengo linalohesabika, mathalani makopo 40 kwa wiki. Waonjeshe wateja wa muuza mihogo wa mtaani kwako, namba ya simu iwe kwenye kila kifuniko. Kila mteja mpya muulize amekujuaje, uandike. Baada ya mwezi fungua daftari, ndipo uamue kama redio inastahili hata shilingi.