Kabla hujarudisha funguo za ofisi

Wiki mbili baada ya kuacha kazi nilisimama mbele ya dirisha la ubalozi, ofisa akipekua karatasi zangu kwa ncha ya kalamu. "Barua ya mwajiri iko wapi?" Nikamwambia ukweli: nimeacha kazi, nasafiri peke yangu miezi sita. Akazikusanya karatasi, akazigonga mezani zilingane, akanirudishia.

Ukitaka ushauri wa begi na viatu, wapo wengi wa kukupa. Mimi nitakusemesha kuhusu kazi yenyewe, maana mtu hujui imekushikia vitu vingapi hadi utoke.

Tuanze na viza. Wanaoitoa wanataka kuona kitu kitakachokurudisha kwenu, na ajira ndiyo jibu jepesi kuliko yote. Kama umeshaiacha, usighushi barua, kwa kuwa waajiri hupigiwa simu. Peleka taarifa ya benki ya miezi kadhaa (pesa zilizomiminwa juzi kwenye akaunti zinatiliwa shaka), tiketi ya kurudi, hati ya mali kama unayo, na maelezo mafupi ya unakokwenda na kwa nini. Ila kabla ya yote hayo, omba likizo bila malipo. Mimi niliona haya kuiomba. Mwenzangu wa meza ya jirani aliomba mwaka uliofuata, akapewa miezi minne bila maswali. Na barua ya utumishi ichukue mapema, wakati bosi bado anakuchekea.

La pili sikulisikia kwa mtu yeyote. Laini yangu ya simu ilikuwa ya ofisi. Nikairudisha pamoja na kompyuta na funguo, nikasaini, nikaaga. Siku ya tisa ya safari, usiku, kituo cha basi, benki ikataka kunitumia namba ya uthibitisho ili nihamishe pesa. Ikaituma kule kule, kwa laini ambayo sasa sijui imo mfukoni mwa nani. Nilikuwa na noti tatu na chupa ya maji nusu. Kwa hiyo mwezi mzima kabla ya kuondoka, hamisha kila kitu kiende kwenye namba yako mwenyewe: benki, barua pepe, kila programu. Beba kadi mbili za benki tofauti, na zisikae pochi moja.

Bima ya afya ya kazini huisha na mkataba, kwa hiyo nunua ya safari ianze siku hiyo hiyo. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele, na kurasa tupu. Chanjo ya homa ya manjano hukubalika mpakani siku 10 baada ya kuchomwa. Tangu 2016 cheti chake ni cha maisha, usikubali kuchomwa tena kwa sababu kadi ni ya zamani. Ukipita nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja), unaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na kutoka mpakani siku moja hakuanzishi hesabu upya.

Sasa upweke. Jumatatu ya kwanza niliamka alfajiri bila kengele, nikajikuta nimekaa kitandani, viatu miguuni, sina pa kwenda. Ndiyo maana nasema siku kumi za mwanzo usizipangie miji mitano. Kaa mahali pamoja, ulale.

Na awepo mtu mmoja anayejua unalala wapi. Mimi na dada yangu tulikubaliana neno moja kila jioni, "nimefika", pamoja na jina la nyumba ya wageni na simu yao. Usiku mmoja usingizi ulinichukua mapema. Nikagutushwa na mlango ukigongwa. Mwenye nyumba kasimama na kanga yake, simu mkononi, amenuna. "Haya, ongea na dada yako."