Maswali na majibu: TV imetoka kwa fundi, picha bado mbovu

Maswali ya TV za projekta, zile za kasha kubwa lenye tyubu tatu ndani, yamerudi tena. Safari hii karibu yote yanaanza na maneno yale yale: "Nimetoka kuitengeneza, lakini..." Nimeyakusanya pamoja. Anayetaka kuniandikia aandike modeli iliyobandikwa nyuma ya kasha na aseme fundi aligusa nini. "Picha mbaya, nisaidie" halina jibu, na hili nimeshalisema hapa.

Nina baa Jinja. Rangi tatu zilikuwa zimeachana, fundi akabadilisha IC mbili za STK, zile chipu zinazolinganisha rangi tatu. Kijani na bluu zimerudi, lakini nyekundu imepinda kama upinde juu na chini. Anataka pesa anunue IC nyingine. Nimpe?

Usimpe bado. STK392 moja ina njia tatu. Kwenye TV nyingi za aina hii zipo mbili, zinabeba njia sita: mlalo na wima kwa kila rangi. Kwako nyekundu imeharibika kwenye wima peke yake, maana yake njia tano zinafanya kazi na moja imekufa. IC ikifa huondoka na jamaa zake, hasa rezista ndogo za omu chache zinazoizunguka, na wakati mwingine fyuzi ndogo za kwenye laini ya umeme wake. Rezista hizo kwa macho unaziona nzima. Mwambie fundi anyanyue mguu mmoja kutoka kwenye bodi, apime kwa mita, kisha alinganishe na rezista ya nafasi hiyo hiyo kwenye njia ya kijani. Kama hana subira ya kufanya hivyo, hata ukimnunulia IC mpya kila wiki utabaki na upinde wako.

Kuna jingine hukuuliza. IC bandia zimejaa sokoni. Zimefutwa maandishi na kuchapwa upya, na ndani kuna kitu dhaifu kisichobeba mkondo unaotakiwa. TV ikiwashwa asubuhi picha ni safi, ikishapata moto rangi zinaanza kuachana polepole, na mteja anaambiwa "ni umeme wa siku hizi". Hata IC halisi itaungua ikifungwa kwenye bati la kupozea bila ile krimu nyeupe, au ikiwa skrubu zake hazikukazwa vizuri. Mwombe fundi akuonyeshe kabla hajafunga kasha.

Na tafadhali, mtu yeyote asiingie kwenye menyu ya kupanga rangi kabla njia zote sita hazijapona. Kuna mafundi wanaovuta nyekundu kwa remoti mpaka ikaribie mahali pake, halafu wanabonyeza kuhifadhi. Wamefuta mpangilio wa kiwandani. Siku rezista itakapobadilishwa, nyekundu itapinda upande wa pili, na kuinyoosha ni kazi ya siku nzima, alama moja baada ya nyingine.

Herufi za kijani zinasomeka kinyumenyume, nyekundu na bluu ziko sawa. (Mbale)

Waya za koili kwenye shingo ya tyubu ya kijani zilikatwa zikaungwa kinyume. Mrudishie aliyezikata, bila malipo ya pili.

Nina kibanda cha video Busia. TV imetengenezwa, inawaka vizuri, lakini kwenye kona ya juu kushoto bado naona kisanduku cha magoli hata nikiweka sinema. Fundi amenidanganya?

Hapana, wewe ndiye umeichoma. Kila tyubu ndani ya kasha hilo ina kioo kidogo, mara nyingi inchi 7, na picha yake inatanuliwa mpaka kufika inchi 50 na zaidi. Kwa hiyo tyubu inasukumwa kwa nguvu kubwa sana. Ukionyesha mpira Jumamosi na Jumapili, mwaka hadi mwaka, kisanduku kikiwa kona ile ile na kontrasti ikiwa juu kabisa, fosfa ya pale, yaani utando unaong'aa ndani ya tyubu, inachoka kuliko ya pembeni. Dawa yake ni tyubu mpya tu. Kabla haijaharibika zaidi, shusha kontrasti hadi nusu. Wateja watalalamika siku mbili, kisha watazoea.

Picha ilikuwa na ukungu. Fundi akatoa maji ya zamani ya kupozea yaliyo mbele ya tyubu akaweka mapya. Ukungu umeisha, lakini nyuso za watu zimekuwa za kijani. (Arua)

Maji gani? Nikikisia, ni yale ya rejeta ya gari. Wengi wanasikia kwamba kipozeo cha tyubu kinatengenezwa kwa glaikoli, wanakimbilia duka la vipuri vya magari. Hiyo ya gari imetiwa rangi, na kwenye TV mwanga wote unapita humo humo kabla ya kufika kwenye lenzi. Tyubu nyekundu ikiwa nyuma ya maji ya kijani, nyekundu itatoka wapi? Kinachotakiwa ni kimiminika kisicho na rangi, mchanganyiko wa glaikoli na glisarini. Kimiminwe taratibu, viputo vya hewa viachwe vipae juu, na mipira ya kuzuia kuvuja ibadilishwe. Kikivuja kinashukia bodi zilizo chini na kuzila.

Maji ya zamani yasiachwe kwenye kopo uani. Glaikoli ni tamu na ni sumu, na mtoto au mbwa hatajua. Na asiyejua kutoa chaji iliyobaki kwenye tyubu asitie mkono humo. Ni volti kama 30,000.

Ndugu yangu alitutumia TV kutoka Marekani. Fundi ametengeneza pawa saplai iliyoungua, sasa picha ya dekoda inatiririka na haina rangi.

Iliungua kwa sababu mliichomeka moja kwa moja kwenye volti 240 na yenyewe ni ya 120. Natumaini sasa mna transfoma. Picha kukosa rangi si kosa la fundi: TV hiyo inajua NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, na dekoda yenu inatoa PAL, mfumo wa huku kwetu. Ingia kwenye mipangilio ya dekoda, tafuta mfumo wa picha, chagua NTSC. Tangu mitambo ya analojia izimwe Kampala Juni 2015 sote tunatumia dekoda, na swali hili bado linakuja kila mwezi.

Nimebadilisha taa ya DLP, ile TV ya projekta inayotumia taa na chipu badala ya tyubu, lakini vidoti vyeupe bado vipo kwenye picha.

Taa haihusiki. Ni chipu ya vioo vidogo iliyoharibika.

Fundi alisafisha kioo cha ndani kwa kitambaa na sabuni ya madirisha. Picha sasa ina mikwaruzo na imefifia. (Kampala)

Kioo hicho kimepakwa aluminiamu upande wa mbele, si nyuma kama cha kunyolea. Vumbi huondolewa kwa brashi laini, basi. Mikwaruzo haitoki, tafuta kioo kutoka kwenye TV iliyokufa.

Fundi amekaza fokasi ya bluu ikawa kali sana, lakini nyeupe imekuwa ya njano.

Airudishe. Kwenye nyingi ya TV hizi bluu huachwa na ukungu kidogo makusudi, ili tyubu yake itoe mwanga wa kutosha kulingana na nyingine.

Jirani anahama, ananiuzia ya inchi 60 kwa laki moja na nusu. Ninunue? (Fort Portal)

Mitsubishi ndiyo kampuni kubwa ya mwisho kuacha kutengeneza TV za projekta za aina yoyote, mwaka 2012, kwa hiyo vipuri ni vya kuokoteza. Kama bado unaitaka, iwashe saa nzima ukiwa umekaa hapo hapo, uone kama rangi zinaachana ikipata moto. Weka picha nyeupe tupu, utafute alama za kuungua. Chungulia chini ya kasha kwa tochi kama kuna unyevu unaonata. Na mlete mtu wa kukusaidia kuibeba, maana haiingii kwenye boda.