Figo zikikosa damu: maswali yenu wiki hii

Sista, kaka yangu aligongwa na lori akiwa kwenye boda hapa Arua. Paja lilivunjika, damu ikamwagika sana. Siku ya 3 tukaambiwa figo zimeumia. Mbona mgongoni hakuguswa?

Poleni sana. Figo huumia bila kuguswa. Kila dakika hupokea karibu sehemu ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu ikipungua, mwili hubana mishipa ya figo ili moyo na ubongo vipate kwanza. Seli za mirija midogo ya mkojo iliyo ndani ya figo hazina akiba ya oksijeni. Huvimba, hufa, hubanduka na kuziba njia. Kisha damu inarudi, na oksijeni inayoingia kwa ghafla huzalisha kemikali kali zinazounguza hata seli zilizonusurika. Ndiyo maana mgonjwa ameongezewa damu, presha imepanda, ninyi mnashangilia, kumbe mfuko wa mkojo kando ya kitanda una vijiko vichache tu, rangi ya chai isiyo na maziwa. Wodini mimi huutazama mfuko huo kabla ya uso wa mgonjwa. Mtu mzima asiyefikisha mililita 400 kwa siku ananitia wasiwasi. Lakini seli hizo huota upya. Wengi hupata nafuu baada ya wiki kadhaa, wengine wakisaidiwa na mashine ya kusafisha damu.

Naharisha siku ya pili na kichwa kinauma. Ninywe diklofenaki? Mama, Jinja

Hapana, mama. Maji mwilini yakipungua, diklofenaki na ibuprofeni huzidi kubana mshipa unaoingiza damu kwenye figo. Tumia parasetamoli, na ORS kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama unameza dawa za presha, uliza kituo cha afya leo hii, usingoje kesho. Na ukipitisha nusu siku bila kukojoa, nenda.

Figo ya kupandikizwa huishije nje ya mwili?

Kwa baridi. Hospitali ya Mulago, Kampala, walipandikiza figo ya kwanza nchini Uganda Desemba 2023. Figo ikitolewa husafishwa damu kwa maji maalumu, ikahifadhiwa kwenye barafu, karibu nyuzi 4, njaa ya seli ikapungua. Ikishaunganishwa kwa mgonjwa na kibano cha mishipa kufunguliwa, figo ya kijivu hugeuka waridi ukiitazama, na mara nyingine mkojo hudondoka palepale mezani.

Kuna mitishamba ya kuosha figo?

Zinajiosha zenyewe. Baadhi ya mitishamba ndiyo inayoziua. Kama umeshaanza kunywa, ipeleke hiyo chupa kituoni wakaione.