Jibu: Jaribio la Kiingereza kwa kijana wa kidato cha pili

Dada, umeuliza kama umnunulie kijana wako kitabu kingine cha maswali, maana kila jaribio la Kiingereza anapata chini ya nusu. Mimi nafundisha kidato cha kwanza na cha pili huku Ilemela, Mwanza. Usinunue kwanza. Miaka saba ya msingi kasoma karibu kila somo kwa Kiswahili, halafu sekondari ghafla karibu kila kitu Kiingereza. Maswali hamsini ya kuchagua yatamfundisha kubahatisha tu.

Mtungie jaribio fupi wewe mwenyewe, sentensi kumi, kwa mambo anayoyaona. Mfano: "Every morning my mother buys dagaa at Kirumba." Mwambie aanze na "Yesterday". Akiandika "buyed", umeshajua pa kuanzia. Kisha akanushe. Hapo wengi huandika "did not bought", kumbe "did" imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi "buy". Halafu abadilishe mama awe baba, na badala ya "my father" aweke kiwakilishi: je, atakumbuka "he"? Kiswahili chetu hakitofautishi, "yeye" ni wote, ndiyo maana wanachanganya sana, na wala si uzembe.

Kusahihisha ndiko kwenye kazi. Usiweke alama ya kosa (X) ukaishia hapo; mwache aeleze kwa Kiswahili kwa nini kakosea, kisha aandike upya. Baada ya siku tatu mrudishie sentensi zilezile alizokosa.

Mitihani iliyopita ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) mpe baadaye, kwa kupimiwa muda, mezani, bila simu.

Ukikwama kwenye kutunga, andika hapa, nitakutungia kumi za kuanzia.