Bodi yako ni nzito? Pima kabla hujailaumu RAM

Maswali ya safari hii yote ni ya bodi ndogo za kompyuta zinazokwenda taratibu. Karibu wote mlioandika mmeshaihukumu RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, kabla ya kupima chochote, na wawili mmeshaanza kuulizia bei ya bodi mpya. Ngojeni kwanza.

Fundi, nina bodi ya Raspberry Pi 3. Nikiandika free -h naona imebaki MB 60 tu kati ya GB 1. Nimeweka cron (kipanga kazi za kujirudia) ifute kashe kila dakika tano, lakini mashine imezidi kuwa nzito. (Kasulu)

Kinachoizidisha ni hiyo cron. Iondoe leo.

Nimelisema hili mara nyingi na bado linarudi. Linux, mfumo endeshi wa bodi yako, haiachi RAM ikae bure. Sehemu isiyotumiwa na programu huwekwa nakala za mafaili yaliyokwisha kusomwa kwenye kadi ya SD, hiyo ndiyo kashe, ili yakihitajika tena yasifuatwe huko. Programu ikitaka nafasi, keneli, yaani kiini cha Linux, inaziachia zile nakala papo hapo. Kwa hiyo usisome safu ya "free", soma "available". Hiyo ndiyo inayokuambia umebakiwa na kiasi gani.

Ukiandika 3 kwenye drop_caches, faili la kufutia kashe, unailazimisha mashine ikasome upya kila kitu kutoka kwenye kadi. Kadi ya Pi 3 inasoma megabaiti ishirini na kitu kwa sekunde, wakati RAM yake inazungumzia gigabaiti. Faili lile liliwekwa kwa ajili ya wanaofanya majaribio. Anayekufundisha kulitumia kama dawa ya kila siku anakupotosha. Tena, hiyo ni kashe ya mafaili. Kashe ya prosesa, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa yenyewe, ni kitu kingine kabisa na haiguswi na amri hiyo.

Nikiongeza swap (sehemu ya kadi inayotumiwa kama RAM ya ziada) kwenye kadi, RAM itakuwa na kasi?

Hapana, na kadi itachakaa mapema. Ukibanwa kweli, tumia zram, swap inayobana data ndani ya RAM yenyewe.

Shikamoo. Pi 4 yangu iko Kibirizi, inasoma kamera ya mwaloni, wanakoshushia samaki. Natumia chaja ya simu na waya wa mita mbili. Nikipima kasi ya kumbukumbu, leo napata namba nzuri, kesho nusu yake. Amri ya vcgencmd get_throttled, inayoonyesha kama bodi imepunguzwa mwendo, inatoa 0x50005. RAM imekufa?

Marahaba. RAM yako ni nzima, inayolia njaa ni bodi. Hiyo 0x50005 inasema mambo manne: volti ziko chini sasa hivi, prosesa imepunguzwa mwendo sasa hivi, na yote mawili yaliwahi kutokea tangu ulipoiwasha bodi. Onyo hilo hutokea volti zikishuka chini ya takriban 4.63. Prosesa ikipunguzwa mwendo, kashe iliyomo ndani yake nayo inapungua kasi, ndiyo maana namba zako zinayumba.

Chukua maltimita, pima kati ya pini namba 4 na namba 6 kamera ikiwa kazini. Usipime bodi ikiwa imetulia, hapo kila chaja inaonekana nzuri. Shika ncha ya mita vizuri: ikigusanisha pini ya volti 5 na pini namba 1 yenye 3.3, umeua bodi. Kisha tafuta chaja ya volti 5.1 na ampea 3 yenye waya mfupi na mnene. Na ninyi mnaotumia sola na betri ya volti 12, kile kipunguza volti cha bei ya chini kipimeni mzigo ukiwepo kabla ya kukiamini. Fedha ya bodi mpya ni nyingi, na wengi wameitoa wakati kilichotakiwa ni waya.

Bodi yangu iko slo, nifanyeje?

Bodi gani? Programu gani? Chaja gani, joto kiasi gani, na ulipima kwa kifaa au amri gani? Swali la namna hii silijibu, na nitaendelea kutolijibu.

Nafuatilia joto la bani (nyumba ya kukaushia) la tumbaku hapa Urambo. Asubuhi bodi iko sawa, mchana inakwama. (Urambo)

Umeifunga kwenye boksi na kuitundika ukutani mwa bani. Pi huanza kujipunguza mwendo ikifika nyuzi 80, na ndani ya bani joto hupita 60 mnapokausha vikonyo. Hamisha bodi, iweke kivulini penye hewa. Ndani ya bani ipeleke sensa peke yake kwa waya mrefu. DS18B20 inahimili hadi nyuzi 125.

Mimi ni mwanachuo, niko Tabora. Programu yangu ya C inapita kwenye picha ya 1920 kwa 1080, baiti 4 kwa kila nukta. Kwenye laptop ni fasta, kwenye Pi 3 inatambaa. Nanyoosha safu moja kwenda chini hadi mwisho, kisha inayofuata.

Mdogo wangu, umeeleza vizuri, na jibu liko kwenye sentensi yako ya mwisho.

Prosesa haichukui baiti nne kutoka RAM. Inachukua mstari mzima wa baiti 64, yaani nukta 16 zilizo jirani. Wewe unatumia moja, kisha unaruka baiti 7,680 kwenda mstari wa chini wa picha. Ni sawa na kununua sado zima la dagaa, ukala mmoja na kwenda kununua sado jingine. Ukifika chini umeshaita mistari 1,080 ya baiti 64, karibu KB 69, na kashe ya kwanza ya Pi 3 ni KB 32 tu. Ile mistari ya mwanzo imeshatupwa kabla hujairudia. Isitoshe, kila mruko unaangukia ukurasa mwingine wa kumbukumbu, na prosesa inatafuta anwani upya. Laptop ina kashe kubwa, ndiyo maana ilikuficha kosa.

Geuza vitanzi (loop) viwili vya programu yako: mistari ya picha iwe nje, safu ziwe ndani. Jenga kwa -O2, yaani mwambie kompaila aboreshe kasi, kisha linganisha kwa perf stat, amri ya kupima kazi ya prosesa. Na usinunue Pi 5 kwanza. Kosa hilo utalibeba hadi huko.

Naandika programu ya Pi 3 bila mfumo endeshi. Kunakili MB 4 kunachukua muda wa ajabu. RAM mbovu?

Hujawasha MMU, sehemu ya prosesa inayosimamia anwani za kumbukumbu. Kwenye ARM, aina ya prosesa iliyo kwenye Pi, MMU ikiwa imezimwa, data yote hushughulikiwa kama ya kifaa na haiingii kwenye kashe, hata ukiwasha kashe yenyewe. Tengeneza jedwali la kurasa, RAM itaje kuwa ya kawaida na inayoruhusiwa kukashiwa, lakini anwani za vifaa ziache zilivyo. Halafu washa biti 0, 2 na 12 za SCTLR, rejista ya kudhibiti prosesa. Usiziwashe kabla jedwali halijakamilika, maana bodi itanyamaza na hutajua ilipokwamia.

Kuchomoa skrini kunasaidia?

Kunasaidia kidogo. Skrini ya 1920 kwa 1080 yenye baiti 4 kwa nukta, ikichorwa mara 60 kwa sekunde, inasoma karibu MB 498 kila sekunde kutoka RAM ileile. Kama bodi iko juu ya mnara na hakuna anayeitazama, zima HDMI.